Somo kwa Vyama vya Msingi: Kiwanja cha Michezo Kinachompokea Kila Mtoto



Kazi ya mkaguzi ni kulinganisha hati na vitu. Miaka michache iliyopita nilikagua chama kimoja cha msingi cha wakulima wa kahawa, ambacho kilikuwa kimejenga kiwanja cha michezo kando ya ghala, ili watoto wanaofuatana na wazazi wao siku za kupokea kahawa wasizurure karibu na mizani na magari. Hati za malipo zilikuwa kamili: mbao, minyororo, mchanga, seng'enge, rangi. Niliweka alama kwenye kila moja, kisha nikatoka nje kuvihesabu vifaa. Mwanachama mmoja alikuwa akingoja zamu yake ya mizani. Binti yake wa umri wa kama miaka minane, ambaye miguu yake haikuwa na nguvu, alikuwa ameketi juu ya gunia akiwatazama wenzake wakibembea. Nilimwuliza mama yule kwa nini hampeleki mtoto huko. Akanijibu, "Ndugu Mkaguzi, langoni pana kizingiti, na ndani ni mchanga mtupu. Nikimbeba mpaka kule, nani atanishikia foleni?" Akaongeza kwamba fedha za kiwanja zilikatwa katika kahawa yake kama zilivyokatwa katika kahawa ya wengine.

Sikuwa na hoja ya kuandika, kwa kuwa hesabu zilikuwa sahihi. Hoja yenyewe naiandika hapa.

Yafaa ieleweke kwanza kwamba jambo hili si hisani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unataja mchezo kuwa haki, na ule wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unataka watoto wenye ulemavu washiriki michezo sawa na wenzao. Sheria yetu ya Watu wenye Ulemavu ilitungwa mwaka 2010. Wala fikra hii si ngeni duniani: Bibi Allen wa Hurtwood alifungua kiwanja cha namna hiyo huko Chelsea, London, mwaka 1970. Nasi wanaushirika tunayo misingi yetu iliyokubaliwa upya mwaka 1995, ambayo wa saba kati yake ni kuijali jamii.

Sasa tuutazame ujenzi. Makosa mengi huanzia langoni. Lango liwe na upana usiopungua sentimeta 90, bila kizingiti, na liwe na komeo, maana wapo watoto wenye usonji au ulemavu wa akili wanaoweza kutoka mbio bila kutazama barabara. Kutoka langoni, njia ya udongo ulioshindiliwa vizuri, yenye upana wa sentimeta 120, ifike kwenye kila kifaa, si kwenye kimoja tu. Mwishoni mwa njia paachwe nafasi ya sentimeta 150 kila upande, kiti cha magurudumu kipate kugeuka. Penye kupanda, kila sentimeta 10 za kimo zihitaji ulalo wa sentimeta 120. Mchanga ni mzuri, nao hapana budi uwepo chini ya bembea kwa kina cha sentimeta 30, lakini usitandazwe kila mahali, kwa sababu magurudumu na magongo huzama. Mbele na nyuma ya bembea paachwe wazi mara mbili ya kimo chake. Mtoto asiyeona hawezi kuikwepa bembea inayokuja, hivyo mpaka wa eneo hilo uwekewe mstari wa mawe madogo ambayo mguu utayatambua.

Bembea moja iwe na kiti chenye mgongo na mkanda. Sanduku la mchanga liinuliwe juu ya miguu kama meza. Kimo chake msikipime kwa kukisia, mleteni mtoto akae mpime kwa magoti yake.

Watoto wengine hucheza kwa pua, masikio na vidole zaidi ya macho. Mchaichai na mrehani hugharimu jasho tu. Mianzi iliyoning'inizwa hutoa sauti njema, ila iwekwe upande mmoja, kwa kuwa yupo mtoto anayeumizwa na kelele mpaka akaziba masikio. Huyo atengewe pembe tulivu yenye kivuli, mbali na mtambo wa kumenyea kahawa. Kivuli chenyewe ni cha lazima hasa kwa watoto wenye ualbino, ambao jua huwaunguza ngozi.

Hapa natoa onyo. Msitumie minyaa kuwa ua, ingawa twaipenda kwa kuwa haifi. Utomvu wake ukiingia machoni huleta madhara makubwa. Na mapipa matupu ya dawa za kuulia wadudu yasigeuzwe ngoma za watoto, hata yakioshwa mara saba. Matairi ya bembea yasiwe na nyaya zilizochomoza, na yatobolewe chini yasihifadhi maji ya kuzalia mbu.

Kabla ya haya yote, Bodi izungumze na wazazi. Majina ya watoto yasisomwe mbele ya Mkutano Mkuu kama orodha ya wadaiwa. Katibu awaendee nyumbani. Na aangalie maneno yake. Watu wengi sasa husema "mtu mwenye ulemavu" au "asiyeona", ilhali viziwi wenyewe wamelihifadhi jina hilo katika chama chao, CHAVITA. Aulize kila mmoja apendavyo kuitwa.

Kuhusu fedha, matumizi yawemo katika makadirio yaliyopitishwa na Mkutano Mkuu. Bodi isichote fungu la pembejeo kwa nia njema. Mbao na mawe yanayotolewa na wanachama yathaminiwe na kuandikwa vitabuni, na siku za kujitolea ziandikwe kwa majina. Vifaa viingizwe katika daftari la mali, na mtu mmoja ateuliwe kuzikagua kamba, minyororo na misumari kila mwezi, aandike tarehe na kutia sahihi. Nikija kukagua nitaliomba daftari hilo.

Kwa vikundi vya mafunzo, jadilini maswali haya kabla ya Mkutano Mkuu ujao. Katika eneo la chama chetu, ni watoto wangapi hawaonekani siku ya kupokea mazao, na wanabaki na nani? Kizingiti cha ghala letu kina sentimeta ngapi? Na mwanachama akimpeleka mtoto kiwanjani, ni nani atakayemshikia foleni ya mizani?