Honi Ikinyamaza: Vidokezo kwa Dereva wa Nsambya

Anayeendesha gari kutoka Kabalagala kwenda Nsambya asubuhi anajua kazi ya honi. Bodaboda wanakupita kushoto na kulia, taksi ya abiria 14 inasimama ghafla kumshusha mtu, na nyuma yako kuna lori ambalo dereva wake hana subira. Honi ikifa hapo, umebaki na breki na macho tu.

Habari njema ni kwamba honi ni kati ya mitambo myepesi ya umeme kwenye gari. Kuna betri, fyuzi, rilei, swichi ya usukani, waya na honi yenyewe. Kwenye magari mengi tunayoendesha hapa, hitilafu iko kwenye mojawapo ya hivyo sita. Kinachotutia hasara ni kukimbilia soko la vipuri la Kisekka kununua honi mpya kabla ya kujua kama ile ya zamani imekufa kweli.

1. Sikiliza kwanza

Tafuta mahali penye utulivu, ila si karibu na hospitali. Hospitali ya Nsambya iko pale tangu 1903, na wagonjwa hawana kosa na gari lako. Zima injini, weka ufunguo kwenye ON, fungua boneti, kisha mwombe mtu abonyeze honi huku wewe umeinama mbele.

Kuna majibu matatu. Ukisikia "tk" ndogo kutoka kwenye kisanduku cha fyuzi lakini honi kimya, swichi ya usukani imefanya kazi yake na rilei imeitika. Shida iko kati ya rilei na honi, kwenye honi yenyewe, au ndani ya rilei vidole vya kupitisha umeme vimeungua. Pakiwa kimya kabisa, rudi nyuma ukakague fyuzi, rilei na swichi. Na ikitoka sauti nyembamba, mara nyingi ni honi moja kati ya mbili iliyokufa. Magari mengi yana honi mbili, ya sauti ya juu na ya sauti nzito, na watu hukaa na moja miezi mingi bila kugundua.

2. Fyuzi: soma kifuniko

Nyuma ya kifuniko cha kisanduku kuna ramani. Tafuta neno HORN au picha ya tarumbeta. Rangi nayo inakusaidia: nyekundu ni ampea 10, bluu ni 15, njano ni 20. Kwenye Toyota nyingi za zamani honi na taa za hatari hutumia fyuzi moja, yenye maandishi HAZ-HORN. Kwa hiyo kabla hujafungua chochote, washa taa za hatari. Zikikataa pamoja na honi, umeshapata mshukiwa bila kushika spana.

Weka fyuzi ya ampea zilezile. Usiweke ya 30 eti isiungue tena, na usifunge waya mtupu wala karatasi ya sigara. Fyuzi mpya ikikatika pale pale, kuna waya uliochubuka unaogusa bodi, utafute huo. Ukilazimisha, kitakachoungua ni waya wenyewe, nao unapita kando ya vitu vinavyoshika moto.

3. Rilei: azima ya jirani

Ndani ya kisanduku kilekile kuna rilei kadhaa zinazofanana. Chagua yenye namba zilezile na miguu iliyopangwa vilevile, uzibadilishe nafasi. Honi ikilia, umemaliza kutafuta.

4. Ipe honi umeme wa moja kwa moja

Hapa ndipo pa kutulia, kwa sababu jaribio hili linaamua kama unanunua au hununui.

Honi nyingi ziko nyuma ya grili, mbele ya rejeta, mahali panapopokea matope yote ya barabara. Mvua za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Novemba zinapofurika bonde la Nakivubo, ukipita kwenye maji yale honi yako inaoga kabla yako. Ndani yake kuna koili, kiwambo chembamba cha chuma na kontakti ndogo. Koili inavuta kiwambo, kontakti inaachia, kiwambo kinarudi, kontakti inagusa tena, mamia ya mara kwa sekunde moja. Kutu kidogo kwenye kontakti hiyo kunatosha kuinyamazisha.

Chomoa plagi ya honi. Chukua waya wenye fyuzi ya ampea 15 katikati, uutoe kwenye chanya ya betri, uguse kichwa cha honi kwa sekunde moja. Honi yenye kichwa kimoja inapata hasi kupitia bodi yake. Yenye vichwa viwili, cha pili kiunge kwenye hasi ya betri. Jihadhari chuma kisiguse chanya na bodi kwa pamoja.

Ikilia, honi ni nzima; weka pesa zako mfukoni ukatafute waya. Isipolia, igonge taratibu mgongoni kwa mpini wa bisibisi ukijaribu tena. Baadhi zina skrubu ndogo nyuma; izungushe robo ya mzunguko tu, ujaribu, kisha robo nyingine. Honi iliyofufuka kwa kugongwa itakufikisha nyumbani, lakini panga kuibadilisha, maana itazima tena siku ya mvua.

5. Boliti iliyopakwa rangi

Gari likigongwa mbele, linanyooshwa, linapakwa rangi, linapendeza, halafu honi haisikiki. Mwenye gari anaambiwa honi imeumia. Mara nyingi kilichotokea ni kwamba bano la honi limefungwa juu ya rangi mpya, na rangi haipitishi umeme. Ili kuhakikisha, unganisha waya kutoka bodi ya honi hadi hasi ya betri. Ikipata sauti, fungua boliti, kwangua rangi na kutu hadi chuma king'ae, funga tena. Hiki ndicho kidokezo ninachotamani kila anayetoka kunyoosha gari akijue.

6. Usukani: hapa mwachie mwenye ujuzi

Dalili zake ni hizi: honi inalia usukani ukiwa umekata upande mmoja tu, vitufe vya redio vya usukani vimekufa pia, au taa ya SRS, yaani ya mfuko wa hewa, imewaka kwenye dashibodi. Hapo kebo iliyojizungusha ndani ya usukani imekatika. Kebo hiyohiyo ndiyo inayopeleka umeme kwenye mfuko wa hewa, ambao hufyatuka kwa mlipuko. Usichokonoe kwa bisibisi. Fundi anayejua kazi huondoa kwanza hasi ya betri, kisha husubiri. Toyota huelekeza zisipungue sekunde 90. Ukimwona anaanza kuvuta kifuniko cha usukani betri ikiwa bado imeungwa, mwambie kwa upole, "Ssebo, ngoja kwanza."

Usikubali kufungiwa usukani wa gari lililochinjwa pamoja na mfuko wake wa hewa. Mamilioni ya magari kutoka Japani yaliitwa na watengenezaji kwa sababu ya mifuko ya kampuni ya Takata, ambayo joto na unyevu wa miaka mingi huharibu kemikali yake hadi irushe vipande vya chuma inapofyatuka. Nchi yetu ina joto na unyevu, na magari yetu yana umri. Ukiwa hapo hapo, mwombe fundi akusaidie kuangalia namba ya chasisi kwa mtengenezaji.

7. Ikigoma kunyamaza

Chomoa rilei yake au fyuzi yake. Mengine yatasubiri asubuhi.

8. Ukilazimika kununua

Gari dogo ni volti 12, lori kubwa ni 24. Hakikisha honi imeandikwa volti za gari lako. Mwuzaji aiunge kwenye betri uisikie kabla ya kulipa, na anayekataa, ondoka. Honi kubwa za kelele hula umeme mwingi kuliko za asili, kwa hiyo zinahitaji rilei na fyuzi zake zenyewe. Wakati wa kufunga, mdomo wa honi uelekee chini ili maji yatoke. Na unapoosha gari kwa pampu, mwambie kijana asiielekeze ndani ya grili.

Kabla ya kutoka garajini jaribu honi injini ikiwa imezimwa, kisha ikiwa inawaka, usukani ukiwa umenyooka, ukiwa umekatwa kushoto kabisa na kulia kabisa. Ikikosa kulia hata mara moja kati ya hizo, usilipe bado, kazi haijaisha.