Mada ya 7: Bakteria katika Afya, Magonjwa, Chakula na Mazingira

Malengo ya mada

Ukimaliza marudio haya, mtahiniwa, uweze:
(a) kueleza sifa kuu za bakteria na namna wanavyoongezeka;
(b) kufafanua faida na madhara yao kwa mifano;
(c) kueleza kazi ya bakteria katika udongo, mwamba na maji;
(d) kutumia maarifa hayo kujibu swali la tukio halisi.

Mifano mingi ya mada hii inatoka katika bonde la Mto Mara, hasa upande wa Kemambo na Nyamongo katika Wilaya ya Tarime na upande wa pili wa mto katika Wilaya ya Serengeti. Eneo hilo lina wafugaji, wakulima, wachimbaji wa dhahabu na wanyamapori, na wote hutegemea mto mmoja. Karibu kila kazi ya bakteria unayotakiwa kuijua inaonekana hapo. Ukitoka mkoa mwingine, badilisha majina ya mahali. Hoja ni zilezile.

1. Bakteria ni nini?

Bakteria ni viumbe hai vyenye seli moja. Seli yao ina ukuta na utando, lakini haina kiini kilichozungushiwa utando. Wengi wana umbo la duara, la fimbo au la mzunguko kama skrubu. Wapo wanaohitaji oksijeni na wapo wanaoishi bila oksijeni. Baadhi, wakikutana na hali ngumu, hujifungia ndani ya ganda gumu liitwalo spora na kungoja hata miaka mingi.

Bakteria huongezeka kwa seli moja kugawanyika kuwa mbili. Katika hali nzuri ya joto, unyevu na chakula, aina fulani hugawanyika kila baada ya dakika 20.

*Mfano wa hesabu.* Wali wenye bakteria 10 umeachwa mezani bila kufunikwa kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 7 mchana. Ikiwa hugawanyika kila dakika 20, watakuwa wangapi?

Muda = saa 6 = dakika 360
Idadi ya migawanyiko = 360 ÷ 20 = 18
Idadi ya bakteria = 10 × 2¹⁸ = 10 × 262,144 = 2,621,440

Hesabu hii inaeleza kwa nini chakula kilicholala nje hudhuru hata kama harufu yake haijabadilika. Chakula na nafasi vikipungua na taka zikiongezeka, kasi hiyo hushuka. Taja jambo hilo ukiulizwa kwa nini bakteria hawajaijaza dunia.

2. Bakteria na afya

Bakteria wengi hawana madhara kwetu, na wapo tunaowahitaji. Katika utumbo mpana wa binadamu wanaishi bakteria wanaosaidia kutengeneza vitamini K, ambayo huwezesha damu kuganda. Wakijaa mahali pao, huwanyima nafasi bakteria wabaya.

Ng'ombe wa mfugaji wa Tarime anakula majani makavu yenye selulosi, lakini mwili wake hautengenezi kimeng'enya cha kuivunja. Kazi hiyo hufanywa na bakteria na vijidudu wengine katika chumba cha kwanza cha tumbo lake. Bila wao, maziwa na nyama visingepatikana kutokana na nyasi.

3. Bakteria na magonjwa

Mwaka 1876 daktari Mjerumani Robert Koch alithibitisha kwamba kimeta husababishwa na bakteria aina moja mahususi. Tarehe 24 Machi 1882 alitangaza kwamba amegundua bakteria wa kifua kikuu, na ndiyo maana 24 Machi ni Siku ya Kifua Kikuu Duniani.

Jifunze kila ugonjwa kwa hatua tatu: kisababishi, njia ya kuenea, kinga.

*Kipindupindu.* Kisababishi ni Vibrio cholerae. Huenea kwa maji au chakula kilichochafuliwa na kinyesi cha mgonjwa. Bakteria hutoa sumu inayofanya utumbo umwage maji na chumvi kwa wingi, na mgonjwa anaweza kufa kwa kukauka mwili ndani ya saa chache. Kinga ni choo, maji yaliyochemshwa au kutiwa klorini, na kunawa kwa sabuni. Huduma ya kwanza ni maji yenye chumvi na sukari: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Mpe huku unampeleka kituo cha afya.

*Homa ya matumbo.* Kisababishi ni Salmonella Typhi. Huenea na kuzuiwa kwa njia zilezile za kipindupindu.

*Kifua kikuu.* Kisababishi ni Mycobacterium tuberculosis. Huenea kwa hewa mgonjwa anapokohoa. Wachimbaji wa dhahabu wamo hatarini zaidi, kwa sababu vumbi la mwamba lenye silika hujeruhi mapafu na kudhoofisha kinga yake, na mashimo yana hewa finyu. Kinga ni chanjo ya BCG kwa watoto wachanga, madirisha wazi, kulowesha mwamba wakati wa kuchimba na kupima mapema. Matibabu ya kawaida huchukua takribani miezi 6.

*Kimeta.* Kisababishi ni Bacillus anthracis. Spora zake hukaa katika udongo kwa miongo mingi. Mifugo na wanyamapori huzipata wanapokula nyasi zilizo karibu na ardhi. Binadamu huzipata kwa kuchuna au kula mzoga. Kinga ni kuchanja mifugo, kutopasua mzoga wa mnyama aliyekufa ghafla, na kuuzika kwenda chini sana au kuuteketeza kwa usimamizi wa ofisa mifugo. Mzoga ukipasuliwa, bakteria hupata hewa na kutengeneza spora mpya.

*Ugonjwa wa kutupa mimba.* Kisababishi ni Brucella. Binadamu huupata kwa kunywa maziwa mabichi au kushika ndama na kondo kwa mikono mitupu. Dalili zake ni homa inayokuja na kuondoka, jasho na maumivu ya viungo, hivyo watu wengi huidhania malaria.

Zingatia: usugu wa dawa. Antibayotiki huua bakteria; haziui virusi, kwa hiyo hazitibu mafua. Katika kundi kubwa la bakteria huwepo wachache wenye mabadiliko ya kijeni yanayowawezesha kuhimili dawa. Ukitumia dawa isiyofaa au usipofuata dozi uliyoandikiwa, wanyonge hufa na wale sugu hubaki wakizaana. Usiandike kwamba "mwili umezoea dawa". Wanaobadilika ni bakteria. Mfugaji anayemchoma ng'ombe sindano za antibayotiki kiholela na kuuza maziwa siku hiyohiyo naye huchangia usugu huo.

4. Bakteria na chakula

Maziwa yanapogeuka mgando, bakteria wa jamii ya Lactobacillus hugeuza sukari ya maziwa kuwa asidi laktiki. Asidi hufanya protini ya maziwa kugandamana na kuzuia bakteria wengi wanaoozesha. Ndiyo sababu mgando hudumu kuliko maziwa mabichi.

Hapa watahiniwa wengi hukosea kwa kudhani kwamba mgando ni salama siku zote. Asidi hupunguza baadhi ya vijidudu, lakini haiwezi kutegemewa kuua Brucella wala bakteria wa kifua kikuu cha ng'ombe. Njia salama ina hatua nne:
(i) chemsha maziwa;
(ii) yapooze hadi yawe vuguvugu;
(iii) tia kiasi kidogo cha mgando mzuri wa jana uliotokana na maziwa yaliyochemshwa;
(iv) funika na uache yagande kwenye chombo kilichooshwa vizuri, kiwe sufuria au kibuyu.

Viwandani maziwa hupashwa joto hadi nyuzi 72 za Selsiasi kwa sekunde 15 au nyuzi 63 kwa dakika 30, kisha hupoozwa haraka.

Njia za kuhifadhi chakula huondoa kile ambacho bakteria wanahitaji. Kuanika dagaa huondoa maji. Kutia chumvi huvuta maji kutoka katika seli za bakteria kwa osmosisi. Jokofu hupunguza kasi ya vimeng'enya vyao. Ukieleza njia yoyote, taja kile kinachoondolewa. Jina la njia peke yake halipati alama zote.

5. Bakteria na mazingira

*(a) Shambani.* Rhizobium huishi katika vinundu vya mizizi ya maharage na karanga na kugeuza nitrojeni ya hewa kuwa misombo inayotumiwa na mmea. Nitrosomonas hugeuza amonia kuwa naitraiti, na Nitrobacter hugeuza naitraiti kuwa naitreti. Shamba likituama maji, bakteria wengine hurudisha nitrojeni hewani na rutuba hupungua. Mkulima anayepanda mahindi baada ya maharage anavuna kazi ya Rhizobium.

*(b) Kwenye mwamba.* Miamba mingi ya dhahabu ina madini ya pairaiti, yaani chuma na salfa. Ikiwa chini ardhini haina shida. Ikichimbuliwa na kurundikwa juu, hukutana na hewa na mvua:

2FeS₂ + 7O₂ + 2H₂O → 2FeSO₄ + 2H₂SO₄

Kisha bakteria aitwaye Acidithiobacillus ferrooxidans hupata nishati kwa kuendeleza mmenyuko:

4FeSO₄ + O₂ + 2H₂SO₄ → 2Fe₂(SO₄)₃ + 2H₂O

Chumvi ya chuma inayopatikana hushambulia pairaiti nyingine na asidi huongezeka. Mmenyuko ungetokea bila bakteria, lakini polepole mno. Maji yenye asidi huyeyusha metali nzito kutoka kwenye mwamba, na yakifika mtoni hudhuru samaki, mifugo na watu. Kwa hiyo kifusi cha namna hiyo hufunikwa, maji yake hukusanywa kwenye mabwawa yasiyovuja, na chokaa hutumika kupunguza asidi. Mwezi Mei 2009 maji machafu kutoka eneo la mgodi wa North Mara yalivuja na kuingia katika Mto Tigithe, unaomwaga maji yake katika Mto Mara. Bakteria hao hutumika pia kwa faida: mgodi wa Fairview, Afrika Kusini, ulianza mwaka 1986 kuwatumia kuvunja madini ya salfa yaliyofungia dhahabu.

*(c) Mtoni.* Bakteria waozeshaji hula mabaki ya mimea, kinyesi na mizoga, na kuachia virutubisho. Kila mwaka nyumbu wapatao 6,250 kwa wastani hufa maji wakivuka Mto Mara, na mto hauzibwi na mizoga kwa sababu mamba, ndege, samaki na bakteria huimaliza. Lakini bakteria hao hutumia oksijeni iliyoyeyuka majini. Taka zikizidi, bakteria huongezeka, oksijeni hupungua, na samaki hukosa hewa. Kipimo cha oksijeni ambayo bakteria huhitaji ili kuozesha taka za maji hufanywa kwa kuweka sampuli gizani kwa siku 5 katika nyuzi 20 za Selsiasi. Kadiri oksijeni inavyotumika zaidi, ndivyo maji yalivyo na taka nyingi za kuoza.

6. Swali la mfano na jibu lake

*Mwezi Machi 2022 maji ya sehemu ya chini ya Mto Mara yalibadilika rangi na samaki wakafa. Kamati iliyoundwa na Serikali ilieleza kuwa chanzo kikuu ni kuoza kwa mimea na kinyesi cha mifugo katika ardhi oevu, hali iliyopunguza oksijeni. Wakazi wengi walitilia shaka maelezo hayo na kuhofia kemikali za migodini.*
*(a) Eleza jinsi kinyesi na mimea vinavyoweza kuua samaki. (alama 5)*
*(b) Taja vipimo ambavyo vingesaidia kutofautisha maelezo hayo mawili. (alama 5)*

Jibu (a)
1. Mvua husomba kinyesi na mimea iliyokufa hadi majini.
2. Taka hizo ni chakula cha bakteria waozeshaji, nao huongezeka haraka.
3. Bakteria hao hutumia oksijeni iliyoyeyuka kwa upumuaji.
4. Oksijeni hutumika kwa kasi kuliko inavyoingia kutoka hewani.
5. Samaki hukosa oksijeni ya kutosha kwenye matamvua na kufa.

Jibu (b)
1. Kupima oksijeni iliyoyeyuka juu ya ardhi oevu, ndani yake na chini yake.
2. Kupima oksijeni inayohitajika kuozesha taka kwa siku 5.
3. Kupima sianidi, zebaki na metali nyingine katika maji, tope na minofu ya samaki.
4. Kupima pH ya mto na vijito vinavyotoka upande wa migodi.
5. Kulinganisha matokeo na vipimo vya miaka ya nyuma na vya sehemu isiyoathirika.

Zingatia: Mtahini hakuulizi nani alikuwa sahihi. Anataka mnyororo wa sababu usiokatika na vipimo vinavyoweza kuonyesha kwamba wazo fulani si kweli. Kumbuka pia kwamba sababu mbili zinaweza kutokea pamoja. Oksijeni ikikutwa chini, hilo peke yake halithibitishi kwamba hapakuwa na kemikali. Na kemikali ikipatikana, hilo peke yake halionyeshi kwamba ndiyo iliyoua samaki. Kiasi chake lazima kitajwe. Anayechota maji ya kunywa mtoni anastahili majibu yenye vipimo, na huenda siku moja wewe ndiye utakayeombwa kuvifanya.

7. Maswali ya kujipima

1. Bakteria 50 hugawanyika kila dakika 30. Watakuwa wangapi baada ya saa 5?
2. Kwa nini mzoga wa ng'ombe mwenye kimeta haupaswi kupasuliwa? Toa sababu mbili.
3. Jirani anasema, "Mgando ukishachacha hauna ugonjwa." Mjibu kwa hoja tatu.
4. Tofautisha kazi ya Rhizobium na ya Nitrobacter.
5. Eleza jinsi bakteria wanavyoongeza asidi katika maji yanayotoka kwenye kifusi cha mgodi, na utaje njia mbili za kuzuia madhara yake.
6. Mgonjwa wa kifua kikuu ameacha dawa mwezi wa pili kwa sababu amepata nafuu. Eleza hatari iliyopo kwake na kwa jamii.

*Jibu la swali la 1: 50 × 2¹⁰ = 51,200. Maswali mengine yajibu bila kufungua kitabu, kisha urudi kwenye sehemu husika na ujisahihishe.*