Amekuja au Alikuja? Kitenzi cha Kirusi kwa Msemaji wa Kiswahili

Mwanafunzi anayefikia ngazi ya juu ya Kirusi huwa amekwisha kuzoea herufi zake na maumbo sita ya nomino. Kinachobaki kumsumbua ni kitenzi. Vitenzi vingi vya Kirusi huenda viwili viwili: kimoja hulitazama tendo kama jambo zima lililofikia mwisho wake, kingine hulitaja tendo lenyewe bila kuangalia mwisho. Wanasarufi huita tofauti hii hali timilifu na hali isiyo timilifu.

Wengi wetu kutoka Kongo tumeelezwa somo hili kwa Kifaransa. Hoja yangu ni kwamba Kiswahili kinatusaidia zaidi, na nitaionyesha kwa mfano wa kwetu Isangi, pale Lomami unapoingia katika mto Kongo, chini ya Kisangani. Huko wageni wengi hufika kwa boti au mtumbwi, na habari ya nani amefika husafiri kutoka ng'ambo moja hadi nyingine.

Tazama sentensi hizi mbili:

1. Врач приехал в Исанги. (vrach priyekhal)
2. Врач приезжал в Исанги. (vrach priyezzhal)

Kifaransa kinaweza kuzitafsiri zote mbili kwa «le médecin est venu». Kiswahili kinazitenganisha. Ya kwanza, ikisemwa kama habari ya leo, ni «daktari amekuja»: yuko Isangi. Ya pili ni «daktari alikuja»: alifika, kisha akaondoka. Mfasiri akiandika «amekuja» mahali pa приезжал, mama wa ng'ambo atambeba mtoto mgonjwa mgongoni, apige kasia nusu siku, na akute daktari ameshaondoka. Kosa la kiambishi kimoja humfikisha mgonjwa mahali pasipo na dawa.

Kanuni hii inahusu vitenzi ambavyo matokeo yake yanaweza kutenguliwa: kuja, kuondoka, kufungua, kuwasha, kuchukua. Он взял книгу, «amechukua kitabu», kitabu bado anacho. Он брал книгу, «alichukua kitabu», na kwa kawaida tunaelewa kuwa amekwisha kukirudisha. Vivyo hivyo открыл окно, «amefungua dirisha», na dirisha li wazi. Открывал окно, alilifungua, likafungwa tena.

Hapa pana mitego miwili. Kwanza, -me- na hali timilifu si kitu kimoja. Katika masimulizi Kirusi hupanga matukio kwa hali timilifu: приехал, открыл, взял, Kiswahili hutumia -li- na -ka-: alikuja, akafungua, akachukua. Kwa hiyo usiulize tu «ni -li- au -me-?» Uliza: je, matokeo yapo mpaka sasa, au ninasimulia tukio baada ya tukio? Pili, kitenzi kama kuandika hakitenguliwi. Я писал письмо haina maana kwamba barua ilifutika. Ni «nilikuwa naandika barua», na haisemi kama iliisha.

Ukanushi nao una somo lake. Врач ещё не приехал ni «daktari hajaja»: anangojewa, na kiambishi -ja- kinabeba tumaini hilo. Врач не приезжал ni «daktari hakuja»: hakukanyaga hapa kabisa. Neno ещё hufanya kazi ambayo kwetu inafanywa na -ja- ndani ya kitenzi.

Tangu Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa kilipoanzishwa Moscow mwaka 1960, na kupewa jina la Patrice Lumumba mwaka 1961, Waafrika wengi wamejifunza Kirusi huko ili wasomee udaktari, uhandisi au kilimo. Wanaorudi huombwa kutafsiri. Mfasiri mzuri ni yule anayejua lugha yake inatofautisha nini kabla ya kuifungua kamusi ya lugha nyingine.

Zoezi. Tafsiri kwa Kirusi, ukichagua kati ya приехать na приезжать:

a) Shangazi amekuja, yuko jikoni.
b) Shangazi alikuja jana, akaondoka jioni.
c) Shangazi hajaja, tunamngoja.

Jibu la (a) ni приехала, la (b) приезжала, la (c) ещё не приехала. Ukipata matatu yote, tunga yako matatu kwa открыть na открывать.