SOMO KWA WATUMISHI NA WANANCHI: MAAFA YA PWANI, KUYAKABILI NA KUWASAIDIA WALIOFIKWA

Somo hili limetayarishwa kwa ajili ya watumishi wa Serikali, masheha, walimu na wananchi wote wa Unguja na Pemba, hasa wale wanaoishi kandokando ya bahari. Bahari inayotupatia samaki, mwani na njia ya usafiri ndiyo hiyo hiyo inayoweza kupanda ufukweni kwa muda mchache na kuchukua roho za watu, nyumba na vyombo. Kwa hiyo inafaa kila mmoja ajue mapema la kufanya, nani wa kutazamwa kwanza, na msaada wa namna gani unaofaa.

1. Yaliyokwisha kutokea

Wapo wanaodhani kwamba visiwa vyetu viko karibu mno na ikweta hata vimbunga haviwezi kuvifikia. Ni kweli kwamba vimbunga ni nadra huku kwetu, lakini vimewahi kufika. Tarehe 15 Aprili, 1872, wakati wa utawala wa Sayyid Barghash bin Said, kimbunga kikali kiliipiga Unguja. Vyombo vilivyokuwa bandarini viliharibiwa, na sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya Unguja ikaanguka. Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa, na baada ya hapo ndiyo iliyoongoza kwa uzalishaji wa karafuu. Maafa ya siku moja yakawa yamegeuza uchumi wa visiwa viwili kwa vizazi kadhaa.

Tarehe 26 Disemba, 2004, mtetemeko mkubwa wa ardhi ulitokea chini ya bahari karibu na kisiwa cha Sumatra, nchini Indonesia. Kwa saa za Afrika Mashariki ilikuwa yapata saa 10 alfajiri. Mawimbi ya tsunami yaliyotokana nao yaliua zaidi ya watu 220,000 katika nchi zinazopakana na Bahari ya Hindi. Yalivuka bahari yote na kufika pwani yetu mchana wa siku hiyo hiyo. Somalia iliumia zaidi katika Afrika, hasa eneo la Hafun. Tanzania ilipoteza zaidi ya watu 10, wengi wao wakiwa watu waliokuwa wakiogelea katika fukwe za Dar es Salaam. Nchini Kenya, ambako watu waliondolewa katika fukwe baada ya habari kufika, aliripotiwa kufa mtu mmoja.

Hapa pana funzo la kwanza. Baina ya mtetemeko na kufika kwa mawimbi katika pwani yetu zilipita saa nyingi. Wakati ulikuwapo, kilichokosekana ni mfumo wa kuwafikishia watu habari. Mfumo wa tahadhari ya tsunami katika Bahari ya Hindi uliundwa baada ya maafa hayo. Hata hivyo, hakuna mtambo unaoweza kumsaidia mvuvi wa Nungwi au mkulima wa mwani wa Paje ikiwa habari itaishia mezani kwa mtumishi mmoja.

Funzo la pili linatoka katika kisiwa cha Simeulue, kilicho karibu kabisa na pale mtetemeko ulipotokea. Kisiwa hicho kilikuwa na wakazi wapatao 78,000, na mawimbi yaliwafikia kwa muda mfupi sana. Waliokufa walikuwa 7 tu. Sababu ni kwamba tangu tsunami ya mwaka 1907, wazee wa huko waliwasimulia watoto na wajukuu juu ya jambo waliloliita "smong": ardhi ikitetemeka sana, na bahari ikakupwa kuliko kawaida, kimbilia kilimani wala usingoje kuambiwa. Simulizi za nyumbani ziliokoa kisiwa kizima.

2. Dalili na hatua za mwanzo

Mtu aliye pwani akisikia mtetemeko mkali au wa muda mrefu, au akiona maji yanakupwa ghafla kinyume na ada ya maji yetu, asiende kuokota samaki waliobaki mchangani. Aondoke mara moja kwenda mahali pa juu au mbali na bahari. Tsunami si wimbi moja. Baina ya wimbi na wimbi zinaweza kupita dakika chache au hata saa nzima, na la kwanza si lazima liwe ndilo kubwa. Watu wengi hufa kwa kurudi mapema. Pia haifai kungojea bahari ikupwe kwanza, kwa sababu mara nyingine wimbi huja bila ya dalili hiyo.

Kimbunga hutoa nafasi zaidi ya kujitayarisha. Mapema mwezi wa Mei, 2024, Kimbunga Hidaya kilipokuwa kikielekea Mafia, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitangaza tahadhari kabla, na safari za boti baina ya Dar es Salaam na Unguja zilisitishwa. Wananchi wanakumbushwa kwamba chombo kikizuiwa kuondoka, huko si kusumbuliwa. Aidha, upepo ukitulia ghafla katikati ya kimbunga, yaweza kuwa ni kitovu chake kinapita. Upepo utarudi kwa nguvu kutoka upande mwingine, kwa hiyo mtu asitoke kutazama paa lake.

3. Maji, usafi na maiti

Baada ya maafa, adui wa pili ni maradhi. Kimbunga Idai kiliingia Beira, nchini Msumbiji, usiku wa kuamkia tarehe 15 Machi, 2019. Kabla ya mwezi huo kwisha, mlipuko wa kipindupindu ulikuwa umetangazwa, na wagonjwa walifikia maelfu. Chanjo na maji safi vilisaidia kuudhibiti.

Kwa hiyo katika kila kituo cha kuwahifadhi watu, iwe skuli au jengo jingine, yazingatiwe haya:

(a) Maji yapatikane angalau lita 15 kwa kila mtu kwa siku, kwa kunywa, kupikia na usafi.

(b) Maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote, au yatiwe dawa ya klorini kwa kufuata maelezo yake.

(c) Choo kimoja kisitumiwe na watu zaidi ya 50 katika siku za mwanzo, na baadaye idadi hiyo ipunguzwe hadi 20. Vyoo vya shimo viwe umbali usiopungua mita 30 kutoka kisimani, na vya wanawake vitenganishwe na vya wanaume.

(d) Mwenye kuharisha apewe maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji salama, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa.

Visima vilivyoingia maji ya bahari visitolewe maji kwa pupa. Nchini Sri Lanka, baada ya mwaka 2004, ilionekana kwamba kuvuta maji mengi kisimani mara kwa mara kulizidi kuyapandisha maji ya chumvi kutoka chini, na visima vingine viliporomoka. Katika visiwa vyetu, ambako maji matamu hukaa juu ya maji mazito ya chumvi, jambo hili ni la kuangaliwa sana. Wataalamu wa maji waulizwe kwanza.

Kuhusu maiti, wengi huogopa kwamba zitaleta maradhi, na kwa hofu hiyo huzikwa kwa haraka bila ya kutambuliwa. Maiti za watu waliokufa kwa maafa ya asili kwa kawaida hazisababishi milipuko ya maradhi. Zipewe heshima na kuzikwa kwa mujibu wa dini zao. Pale ambapo jamaa hawajapatikana, maiti ipigwe picha, alama na mavazi yake yaandikwe, na kaburi litiwe nambari. Mama asiyejua mwanawe amezikwa wapi hubaki na msiba usiokwisha.

4. Kuwaliwaza waliofikwa

Kukosa usingizi, kushtuka kwa sauti ya mawimbi, kunyamaza au kulia sana ni hali za kawaida kwa mtu aliyenusurika. Asikemewe kuwa hana imani, wala asilazimishwe kusimulia yaliyompata. Aketi nae mtu mtulivu, amsikilize, amwulize anachohitaji, na amuunganishe na jamaa zake na huduma zilizopo. Watoto wasitenganishwe na walezi wao, na warudishwe katika masomo na michezo mapema iwezekanavyo. Ikiwa hali haipungui baada ya wiki kadhaa, au mtu anazungumza juu ya kujiua, apelekwe kwa mganga wa hospitali bila ya kuonewa haya.

5. Msaada unaofaa na usiofaa

Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, lakini si kila kinachotolewa hufaa. Mkoa wa Aceh, Indonesia, ulipokea takriban tani 4,000 za dawa baada ya tsunami. Nyingi hazikuhitajiwa, nyingine zilikuwa na maandishi ya lugha isiyojulikana huko, na tani mamia zilibidi ziteketezwe. Watumishi ambao wangewahudumia wagonjwa walikuwa wakipanga maboksi.

Anayetaka kusaidia aulize kwanza kwa sheha au kamati ya maafa ya wilaya nini kinahitajiwa. Mara nyingi fedha, chakula kinachopikika kwa ada za mahali, kanga, vyandarua, ndoo na sabuni hufaa zaidi kuliko nguo kuukuu. Baadaye huja haja ya vitendea kazi: mvuvi anahitaji ngalawa na nyavu, mkulima wa mwani anahitaji kamba na mbegu. Anayerudishiwa kazi yake hujijengea nyumba mwenyewe.

6. Wajibu wa mtumishi

Daftari la waliofikwa liandikwe nyumba kwa nyumba na lisomwe hadharani, ili aliyesahauliwa aweze kusema. Wazee, wajane, watu wenye ulemavu na wageni wasio na jamaa wafuatwe walipo. Wao hawawezi kusimama foleni. Msaada ugawiwe bila ya kutazama chama, dini wala ujamaa. Kila kilichopokewa na kilichotolewa kiwekewe saini. Mtumishi nae ni binadamu, na huenda nyumba yake imeanguka pia, kwa hiyo wakuu wa kazi wapange zamu na mapumziko.

7. Ya kujadiliwa katika shehia

Wananchi wanaombwa kukaa pamoja na masheha wao na kujibu maswali haya kabla ya haja kutokea:

(i) Ikiwa habari ya hatari itafika usiku, ni nani atakayewaamsha watu, na kwa njia gani?

(ii) Mahali pa juu pa kukimbilia ni wapi, na ni nani atakayembeba asiyeweza kutembea?

(iii) Ni wazee gani katika shehia wanaokumbuka dhoruba za zamani, na ni lini watawasimulia watoto?

Shehia iliyokwisha kujibu maswali haya imeanza kujiokoa.