Anayebeba Chupa za Maji

Baiskeli tunayoijua wengi wetu ni ile ya kupeleka maziwa asubuhi au ya kufunga jerikeni nyuma. Wiki hii tuangalie baiskeli nyingine, ya mashindano ya Tour de France. Nimeyachagua kwa sababu yangu mwenyewe. Mwaka jana niliamka saa kumi alfajiri siku tatu mfululizo kupanga viti vya mkutano. Siku ya shukrani wakatajwa watu wengi, mimi sikutajwa. Nikanuna wiki mbili nzima.

Mashindano haya yalianza 1903. Siku hizi huwa na hatua 21 ndani ya siku 23, karibu kilomita 3,400. Muda wa mtu katika kila hatua hujumlishwa, na mwenye jumla ndogo kuliko wote ndiye mshindi. Anayeongoza huvaa jezi ya manjano. Ukisikia hivyo utadhani kila mtu anajikimbilia mwenyewe, lakini sivyo. Timu ina watu 8, na ikiwa mmoja wao anawania ushindi, wengine kazi yao ni yeye.

Kazi yenyewe ni gani? Kwanza ni upepo. Ukikaa karibu kabisa na gurudumu la aliye mbele, yeye ndiye anapasua upepo na wewe unahifadhi nguvu. Basi msaidizi anatangulia, anaumia, kiongozi anapumzika nyuma yake. Maji yakiisha, msaidizi anarudi nyuma kwenye gari la timu, anajaza chupa ndani ya jezi mpaka mgongo unavimba, halafu anafukuzana na kundi tena ili awagawie wenzake. Kiongozi akipata pancha, msaidizi anaweza kumpa gurudumu lake, hata baiskeli nzima, abaki kando ya barabara. Na hata akiishiwa nguvu hawezi kujikokota tu, kwa sababu kila hatua ina muda wa mwisho. Ukichelewa sana, unatolewa mashindanoni.

Sasa Chris Froome si mgeni kwetu. Alizaliwa Nairobi mwaka 1985, na alipokuwa kijana alifunzwa na David Kinjah kule Kikuyu, kabla ya kuanza kushindana kwa jina la Uingereza. Mwaka 2012 alikuwa msaidizi wa Bradley Wiggins. Siku moja katika milima ya Alps, wakipanda La Toussuire, Froome akachomoka mbele na Wiggins akaachwa. Akaambiwa kwa redio asubiri. Akasubiri. Wiggins akashinda Tour, Froome akawa wa pili kwa dakika 3 na sekunde 21. Sidhani alisubiri kwa furaha, na sitamlaumu.

Mwaka uliofuata yeye ndiye aliyekuwa kiongozi. Siku waliyoupanda mlima wa Alpe d'Huez mara mbili, njaa ikamshika karibu na mwisho, miguu ikakataa. Msaidizi wake Richie Porte wa Australia akaenda kumtolea chakula kwenye gari. Hapo walipofika sheria ilikuwa hairuhusu tena, kwa hiyo wote wawili wakaongezewa sekunde 20. Porte alilipa adhabu kwa ajili ya njaa ya mwingine! Froome akafika Paris na jezi ya manjano.

Kuna desturi moja pale ambayo wengi hatuijui: pesa za zawadi ya mshindi hugawanywa kwa wenzake wa timu.

Mimi nimerudi kwenye zamu ya viti. Bado napenda kutajwa, siwezi kudanganya.

Ya kujadili katika kikundi cha nyumbani:

Ni nani anayekupasulia upepo, na mara ya mwisho ulimwambia lini? Na wewe unayeongoza, zawadi ikija, unagawana nini na aliyekubebea maji?