Akili mnemba kwenye duka la jumla: anza na daftari la stoo

Nina duka la jumla Kariakoo. Nauza sukari, unga, mchele, mafuta ya kula na sabuni kwa wenye maduka ya mitaani, kuanzia Mbagala hadi Gongo la Mboto. Ni zaidi ya mwaka sasa natumia akili mnemba kukadiria mzigo wa kuagiza na kupokea oda. Wenzangu huniuliza nilinunua programu gani. Mimi huwajibu kwamba kazi kubwa niliifanya kwenye daftari, kabla sijalipia chochote. Hizi ndizo hatua nilizopita, pamoja na pale nilipoumia.

1. Chagua swali moja

Nilianza na hili: sukari niagize viroba vingapi, na lini? Madeni na mishahara sikuvigusa. Faida ya kiroba kimoja kwa jumla ni ndogo, tunaishi kwa mzunguko. Mzigo ukikaa stoo, mtaji umelala. Ukiisha, mteja anavuka barabara kwenda kwa jirani, na akishazoea huko kumrudisha ni kazi. Tena jibu la swali hili linapimika: mwisho wa wiki unaona mali imebaki kiasi gani, au imeisha siku gani.

2. Safisha majina na vipimo

Nilipohamishia mauzo ya miezi 14 kwenye jedwali la Excel, nilikuta sukari ileile ina majina manne, kila mwandishi na lake. Lakini iliyoniumiza ni sabuni. Katoni moja ina vipande 24. Siku nyingine tuliandika katoni, siku nyingine vipande. Programu ikasoma vipande 48 kama katoni 48, ikapendekeza mzigo mkubwa mno. Niliagiza nusu ya ilichosema nikiamini nimejihadhari, na sabuni ile ilinichukua miezi mitatu kuimaliza.

Kwa hiyo ipe kila bidhaa jina moja na kipimo kimoja, kisha bandika orodha hiyo ukutani mbele ya anayeandika mauzo. Kwangu usafi huo ulichukua wiki tatu.

3. Andika na mauzo uliyoyakosa

Programu inajifunza kutokana na ulichouza. Siku sukari ilipokuwa imeisha, daftari lilionyesha sifuri, nayo ikaelewa kwamba siku hiyo hakuna aliyeitaka. Kumbe watu kumi walikuja wakaondoka mikono mitupu. Tukaongeza safu moja: "imeulizwa, haipo", na idadi iliyotakiwa. Ukichukua jambo moja tu katika makala hii, chukua hili. Halina gharama, na ndilo lililonyoosha makadirio yangu kuliko jingine lolote.

4. Ifundishe kalenda yetu

Kuelekea Ramadhani, programu ilinishauri niongeze sukari kwa tarehe zilezile za mwaka uliopita. Mtunza stoo wangu, mtu mzima aliyeifanya kazi hii tangu mimi niko shule, aliitazama karatasi akasema, "Mwanangu, hii imehesabu miezi ya kizungu. Wanaofuturu wanafuata mwezi mwandamo." Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko wa kizungu kwa takriban siku 11, hivyo Ramadhani hurudi nyuma kila mwaka: mwaka 2024 ilianza wiki ya pili ya Machi, mwaka 2025 mwanzoni mwa Machi, na mwaka 2026 ikaangukia Februari. Sasa jedwali letu lina safu ya siku zilizobaki kabla ya mfungo, nyingine ya shule kufunguliwa Januari, na nyingine ya masika, wakati magari yanapochelewa.

5. Ielewe hesabu yake

Usikubali namba usiyoweza kuikagua kwa kikokotoo. Msingi ni huu: wastani wa mauzo ya siku, mara siku ambazo mzigo huchukua kufika, ongeza akiba. Ukiuza viroba 18 kwa siku na mzigo unachukua siku 5, hivyo ni viroba 90. Ukiweka akiba ya siku 2, yaani viroba 36, agiza stoo ikifika viroba 126. Programu ikikuambia 300, iulize sababu. Kwa miezi miwili tuliandika makadirio yake na ya mtunza stoo ubavu kwa ubavu, ndipo tukaanza kuifuata. Na hadi leo yeye ndiye anayeidhinisha.

6. Oda za sauti zisomwe na mtu

Wateja wangu hutuma oda kwa ujumbe wa sauti WhatsApp. Programu huugeuza kuwa maandishi na kupanga orodha, kazi iliyokuwa ikimla kijana wangu asubuhi nzima. Lakini mteja akisema "niletee kama kawaida", kawaida yake anaijua kijana. Ndiyo maana kila orodha inarudishwa kwa mteja aithibitishe kabla kirikuu, gari dogo la mizigo, haijapakiwa.

7. Linda siri za wateja

Daftari la mali kauli, yaani mali ya mkopo, lina majina, namba za simu na madeni ya watu. Usilipakie zima kwenye programu ya bure ya mtandaoni. Mpe kila mteja namba badala ya jina, na majina yabaki kwako. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, nayo inamhusu pia mwenye duka. Kubwa zaidi, anayechukua mali kwa kauli amekuamini, nawe mtunzie heshima yake.

Kama unataka kuanza, usisubiri kompyuta mpya. Leo jioni kabla hujafunga duka, chukua bidhaa yako inayotoka kuliko zote, ihesabu stoo mwenyewe, ulinganishe na daftari. Namba hizo mbili zikipishana, hapo ndipo pa kuanzia.