Mwewe wa Olmotonyi

Picha za katuni hazitembei. Ni picha nyingi zilizosimama, zifuatanazo upesi hata jicho likadanganyika. Sekunde moja yaweza kuwa na picha 25. Ndivyo kilivyo hata kipindi cha Ubongo Kids, kilichoanza kuonyeshwa mwaka 2014, nacho ni kazi ya Dar es Salaam.

Tuseme tumechora katika kompyuta mwewe akiruka kutoka misonobari ya Olmotonyi kuelekea kilele cha Meru, sekunde 4, yaani picha 100. Tumalizapo twaona yuko chini mno, miguu yake yapita ndani ya miti. Tufanyeje? Tukimwinua katika picha moja tu, atashtuka juu, kisha atarudi chini mara. Kumwinua kwa mkono mara 100 kwachosha (wachoraji wa karatasi walikuwa watu wa subira kweli!), tena mkono haupimi sawasawa.

Basi, chagua picha zote, tangu ya 1 hata ya 100, ndipo uiamuru kompyuta. Lakini angalia maneno ya amri. Ukisema, “Mweke hapa,” atakuwa mahali pamoja katika picha zote, atapigapiga mabawa asifike Meru kamwe. Sema, “Mwinue upana wa kidole kimoja kutoka pale alipo.” Hapo kila picha itampandisha kwa kadiri ile ile, naye atapita juu ya misonobari kwa njia yake ya kwanza.